Uma au Kijiko

Jumapili, 2 Machi

Bibi hasikii ladha tena. Sijamwambia mtu yeyote, na sijui nimwambie nani, kwa hiyo naandika hapa.

Nimejua leo mchana. Mama aliniachia jiko nijaribu keki ndogo peke yangu, ya kwanza tangu nimalize shule, nikasahau sukari. Si kwamba niliipunguza. Sikutia hata punje. Niliikuta kwenye bakuli lake nyuma ya birika wakati keki imeshaiva. Nilitaka kuificha, lakini Bibi alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono ameunyoosha.

"Lete, mjukuu wangu. Usinitese na harufu."

Nikampa kipande. Akafumba macho kama anavyofanya siku zote, akatafuna polepole, akameza.

"Sukari imekaa mahali pake," akasema. "Mkono umepata."

Nilidhani ananihurumia. Lakini Bibi hajawahi kumhurumia mtu kwenye mambo ya keki. Mama alishawahi kuambiwa mbele ya wageni kwamba keki yake ingefaa kuoshea vyombo. Nikaonja. Ilikuwa kama kutafuna boksi. Nikamtazama Bibi: alikuwa anakung'uta makombo mapajani, ametulia, hana mzaha usoni.

Keki nikaitupa, nikaoka nyingine kabla Mama hajarudi.

Nieleze, ili ieleweke kwa nini jambo hili ni zito. Mama huoka keki hapa nyumbani na kuziuza kwa mkahawa ulioko barabara kubwa. Mama ana kisukari, haonji zaidi ya ncha ya kidole. Baba ni fundi rangi, na kwake kila kitu ni kitamu, hata unga mbichi. Mimi huwa sisemi. Kwa hiyo sheria ya nyumba ni moja: keki haitoki mlangoni kabla Bibi hajala kipande cha kwanza. Akisema "itoke", inatoka. Akisema "ibaki", tunaila wenyewe wiki nzima. Ndiyo kazi yake tangu ahamie kwetu. Nimewahi kumsikia akimwambia jirani kwenye ua, "Mimi hapa sikai bure."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nguo za juzi bado mbichi.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenye mkahawa alikuja mwenyewe leo. Sisi tunamwita Mama Mkahawa, yeye anajua na hachukii. Alileta mfuko mkubwa unaong'aa kama karatasi ya zawadi. Ndani mlikuwa na stroberi, lakini stroberi za ajabu: nyepesi kama pamba, ukiibonyeza moja inavunjika kama chaki.

"Yanagandishwa kwanza mpaka yawe jiwe," akaeleza, "halafu ile barafu inanyonywa yote. Maji yanaondoka, tunda linabaki. Nina mifuko mingine ya maembe na karakara. Sasa nataka keki zake. Mwezi wa tano nafungua mkahawa wa pili. Mkinipatia keki inayoeleweka, kazi ya kule kote ni yenu. Msiponipatia, nitatafuta kwingine, tusilaumiane."

"Tutakupatia," Mama akasema, kama vile amezaliwa akiyapika matunda hayo.

Alipoondoka, Mama akanigeukia. "Haya, msomi. Hii kitu unaijua?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata mimi. Basi tujifunze."

Jumamosi, 8 Machi

Tulitia stroberi nzima nzima kwenye rojo. Zilikunywa maziwa yote kama watu waliotoka jangwani. Keki ikatoka kavu, na ndani yake vipande vyenye ugumu wa soli ya kiatu. Baba alikula vipande vitatu na kusema ni tamu sana.

Bibi alisema, "Ibaki." Nikashukuru Mungu. Halafu nikajua kwa nini: alisikia ugumu kwenye meno. Hilo bado analo.

Jumatano, 12 Machi

Tulizisaga kwenye blenda zikawa unga mwekundu, mzuri mno. Tukauchanganya kwenye rojo, keki ikatoka rangi ya saruji. Mama akasimama mbele ya oveni mikono kiunoni.

"Nani amekufa?" Bibi akauliza kutoka dirishani.

Shuleni tulijifunza kwamba rangi ya baadhi ya matunda hubadilika ikikutana na magadi. Nilimwambia Mama huenda ile poda ya kuumulia keki ndiyo inayoharibu, na kwamba tupunguze poda, tutie ndimu. Nilisema kwa sauti ndogo hadi akaniambia nirudie. Tulijaribu tena jioni. Ikatoka ya waridi.

"Bi Kimya kumbe ana maneno!" Baba akasema. Ndilo jina alilonipa tangu nikiwa mdogo. Sikulipenda leo kama ninavyolipenda siku nyingine.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Mfuko wa stroberi uliachwa wazi usiku kucha, asubuhi zimekuwa laini kama ubani uliotafunwa. Mama amesema kuanzia leo atakayeacha mfuko wazi atalala nje nao.

Jumapili, 16 Machi

Mjomba alikuja. Ni mdogo wake Mama, ana nyumba ya ghorofa upande wa pili wa mji na mke anayefanya kazi benki. Alimwangalia Bibi muda mrefu.

"Dada," akamwambia Mama wakiwa kwenye korido, hakuniona nikipanga viatu, "Mama anakonda. Mikono yake umeiona? Hapa mnaishi na keki mchana na usiku, na mwenyewe anabaki mifupa."

"Anapikiwa kila kitu. Anakula kidogo tu."

"Basi anywe supu kwangu. Mke wangu ataweka mtu wa kumwangalia. Apumzike, asiamshwe kuonja onja. Nitakuja kumchukua mvua zikipungua."

Ni kweli Bibi anakonda. Anasukuma sahani, anasema ameshiba. Sasa najua hajashiba. Ningemwambia Mama ninachokijua, angeelewa hakosei katika upishi wake. Lakini akijua, kiti cha dirishani kitabaki kiti tu, na Bibi hatakuwa na sababu ya kumkatalia Mjomba.

Sikusema. Nilimaliza viatu.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna jipya.

Alhamisi, 20 Machi

Leo ndiyo siku iliyobadilisha mambo, naandika yote.

Mama alikwenda sokoni. Mimi nilikuwa nachekecha unga wa karakara, ule wa njano, Bibi akiwa mezani ananishikia chekecheo. Unga wa karakara huruka. Ukipumua tu unaingia mdomoni. Bibi akalamba mdomo bila kufikiri. Akaruka.

Sisemi kwa kuongeza chumvi. Aliruka kitini, chekecheo likamponyoka, uso ukamkunjamana wote kama karatasi, na machozi yakamtoka.

"Bibi! Umepaliwa?"

Akaninyamazisha kwa mkono. Akachovya kidole kwenye unga, akaweka ulimini. Uso ukakunjamana tena. Halafu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu aje kwetu.

"Hii ina kelele," akasema. "Hii nimeisikia."

Kicheko kikakatika. Nikajua ametambua alichosema. Tukabaki tunatazamana, unga wa njano umejaa mezani, na mvua inapiga bati la jirani.

"Ile keki ya siku ile," akasema taratibu, "ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na sukari, Bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akavuta pumzi. "Na mimi nikasema sukari imekaa mahali pake."

"Ndiyo."

"Loh! Aibu gani hii." Lakini alikuwa anatabasamu kidogo. "Ni ile homa ya mwaka jana. Ilipoondoka, iliondoka na pua yangu. Nilikwenda kwa daktari peke yangu, akaniambia huenda ikarudi, huenda isirudi. Chakula kimekuwa kama kutafuna kitambaa. Chumvi naisikia kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Sukari haisemi kitu kabisa. Keki nazijua kwa mkono na kwa meno, na macho ya mama yako. Akiwa na wasiwasi nasema ibaki."

"Kwa nini hukusema, Bibi?"

Alinitazama kama ananipima. "Wewe kwa nini hukusema?"

Nikaanza kufuta unga mezani.

"Unaona," akasema.

Baadaye tukakaa tukapanga. Wazo ni la Bibi, mimi nilikubali tu. Mimi ndiye ninayekata kipande cha kwanza, na nikikata hakuna anayeniangalia, hakuna anayeniangaliaga. Basi nitalamba kisu, nionje kabla yake. Keki ikiwa nzuri, nitampelekea na uma. Ikiwa na kasoro, nitampelekea na kijiko.

"Na kasoro yenyewe nitaijuaje?" akauliza. "Siwezi kusema ibaki kama jaji asiye na sababu."

"Nitakunong'oneza nikikufunga kitambaa mapajani."

"Wewe? Kunong'ona ndiyo kazi yako," akasema, na tukacheka sote wawili.

Usiku alikula uji akiwa ameunyunyizia unga wa karakara. Bakuli zima. Mama alilitazama lile bakuli tupu kama ameona pesa barabarani.

Ijumaa, 28 Machi

Kijiko cha kwanza. Krimu ilikuwa na chumvi, siagi tuliyonunua haikuwa ile ya kawaida. Nikamfunga Bibi kitambaa, nikanong'ona "krimu, chumvi". Akaonja, akafikiri, akasema, "Krimu imeingia baharini." Mama akaonja kwa ncha ya kidole. "Yarabi, kweli!" akasema. "Mama, ulimi wako ungepaswa kuwekewa bima."

Bibi hakuniangalia. Mimi nilikuwa na furaha na huzuni pamoja, sijui vinakaaje mahali pamoja.

Jumatano, 2 Aprili

Uma.

Alhamisi, 3 Aprili

Uma. Mvua haikatiki. Tumeweka punje za mchele ndani ya kitambaa kwenye kila mfuko wa matunda ili zinyonye unyevu. Zinasaidia.

Jumamosi, 12 Aprili

Sasa tunajua kazi. Unga wa stroberi unaingia kwenye krimu, si kwenye rojo. Vipande vya maembe vinawekwa juu mwisho kabisa, keki ikiwa imepoa, la sivyo vinalegea na kuonekana kama masikio ya mzee. Karakara inatiwa kidogo, maana ina kelele, kama asemavyo Bibi. Mama amelichukua neno hilo bila kujua lilikotoka. Leo alimwambia Mama Mkahawa kwa simu, "Ile ya njano ina kelele, lakini wateja watapenda."

Na jambo jingine: nimeanza kusema. Si sana. Lakini ukionja kila siku ili mtu mwingine azungumze, unajikuta na maneno mengi. Jana nilimwambia Mama kwamba krimu inahitaji ndimu zaidi, na hakuniambia nirudie.

Zamani nilidhani Mama ni mtu wa haraka na mkali. Sasa naona anafanya haraka kwa sababu anaogopa. Akiwa anasubiri neno la Bibi hushika ukingo wa meza mpaka vidole vinakuwa vyeupe.

Jumapili, 20 Aprili

Mjomba tena. Alisema Bibi ameongezeka kidogo, "lakini si sana". Atakuja mwezi ujao na gari. Bibi akamwambia, "Mwanangu, gari lako ni zuri, njoo nalo unipeleke nikatembee kisha unirudishe." Mjomba hakucheka.

Ijumaa, 25 Aprili

Paa la jikoni linavuja. Mama alihamishia matunda yote stoo, kwa muda tu, mpaka Baba azibe.

Jumanne, 29 Aprili

Mama ana mafua makali. Mimi nafanya karibu kila kitu. Mama Mkahawa amesema atakuja Jumamosi kuonja keki ya ufunguzi hapa hapa nyumbani, na anataka amwone "yule Bibi mwenye ulimi" akifanya kazi. Ndipo ataamua.

Mjomba naye amesema Jumamosi.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilipika keki yenyewe, nikaiacha ipoe. Mayai ya keki ya pili yalikuwa hayatoshi, Mama akanituma dukani kwenye mvua. Niliporudi nikakuta ameshaipaka krimu mwenyewe, na amevunja vipande vya stroberi kutoka kwenye mfuko wa stoo na kuvipanga juu kama maua. Ilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya. Na wageni walikuwa wameshafika. Mama Mkahawa kwenye kochi, Mjomba mlangoni anakung'uta mwavuli, Baba amevaa shati la mikono mirefu. Nilikuwa nimelowa, Mama akaniambia nikabadilishe nguo upesi.

Nilipotoka chumbani, Mama alikuwa ameshakata kipande cha kwanza. Kwa heshima ya wageni amekiweka kwenye sahani yenye maua, na pembeni ameweka uma.

Sikuwa nimeonja.

Nikaenda moja kwa moja mezani kuchukua kisu, kama natoa vyombo, nikalamba ubapa wake. Mwanzoni stroberi, chachu nzuri. Halafu nyuma yake kitu kingine. Nilikijua mara moja kwa sababu nimekua nacho, kimo kwenye mashati ya Baba na kwenye kiti cha Baba: tina ya kuyeyushia rangi. Baba huweka makopo yake stoo. Mfuko ulikuwa haujafungwa vizuri, na matunda haya, ambayo yanakunywa kila kitu, yalikuwa yamekunywa na hiyo. Mama ana mafua, asingeweza kujua.

Nyuma yangu nikamsikia Bibi akisema, kwa sauti yake ya kazi, "Naam. Hii..."

Alikuwa ameshika uma. Alikuwa ametafuna na kumeza. Mama Mkahawa ameinama mbele, Mjomba amekunja mikono.

Shuleni sikuwahi kunyoosha mkono darasani. Hata nikijua jibu. Walimu waliacha kuniuliza. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sauti niliyoisikia ikitoka sikuitambua.

"Bibi! Samahani. Umepewa uma kwa makosa. Wewe ulitaka kijiko."

Chumba kizima kikanigeukia.

"Kijiko?" Mjomba akasema. "Keki inaliwa kwa kijiko tangu lini?"

"Mwache mtoto," Baba akasema. "Leo kaongea, mnataka aongee na akili pia?"

Wakacheka. Bibi hakucheka. Nilimpelekea kijiko, nikapiga magoti kumfunga kitambaa, fundo likakataa mara mbili. "Stroberi za juu," nikanong'ona. "Tina ya Baba."

Bibi akachukua kijiko. Akachota kipande kimoja cha stroberi, kimoja tu, akakiweka ulimini, akafumba macho. Mama akashika ukingo wa meza.

"Nilikuwa nataka kusema," akaanza, "hii keki yenyewe ni nzuri. Krimu nzuri. Lakini inaacha kitu nyuma. Ngoja." Akatafuna tena. "Baba wa nyumba, makopo yako ya rangi yako wapi?"

Baba akakohoa. "Stoo, Mama."

"Na matunda?"

Mama akaweka mkono mdomoni.

"Ibaki," Bibi akasema, akaweka kijiko chini. "Tutauzia watu keki, hatutawapaka rangi."

Mama Mkahawa akachukua kipande, akanusa, akaonja kidogo sana. Nyusi zikapanda. "Mimi nisingejua," akasema. "Ningeipeleka dukani hivi hivi, na wateja wangejua kesho yake." Akamtazama Bibi kama mtu anayetazama mashine aliyokuwa akiitafuta. "Mnayo krimu nyingine? Na matunda ya mfuko mzima?"

Tulikuwa nayo. Mfuko wa maembe ulikuwa haujafunguliwa. Wakasubiri nikaoka keki ya pili kwa yale mayai ya dukani, ikapoa, nikaipamba mbele yao, nikaonja kila kitu, na safari hii nikapeleka uma. Bibi alisema "itoke" kwa sauti ambayo ilisikika mpaka nyumba ya jirani.

Wakati wa kuondoka Mjomba alisimama karibu na kiti cha dirishani, funguo za gari mkononi.

"Mama, twende basi?"

"Niende wapi, mwanangu? Umeona mwenyewe. Nikiondoka hapa hawa watakula tina."

Mjomba akatazama sahani ya Bibi. Kipande cha maembe kilikuwa kimeisha, na karibu na sahani kulikuwa na kile kibakuli chake cha unga wa karakara, nusu. Akazirudisha funguo mfukoni.

"Nitakuja Jumapili," akasema. "Mniwekee kipande."

Jumapili, 4 Mei

Nimelala mpaka saa nne.

Jumatano, 14 Mei

Mkahawa wa pili umefunguliwa. Keki zetu zimekaa kwenye kioo cha mbele. Nilipita na Mama kuziangalia, tukajifanya wateja.

Jumamosi, 24 Mei

Jua siku ya tatu mfululizo. Magodoro yote yako nje, na makopo ya Baba yamehamia kwenye kibanda cha ua.

Leo asubuhi Mama alipanga meza ya kuonja mwenyewe. Nilikuwa nakoroga krimu sikumwangalia. Alipomaliza akasema, "Kata kipande cha Bibi yako, mwanangu," akatoka kwenda kuanika nguo, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla ya neno la Bibi.

Nikachukua kisu. Upande wa Bibi kulikuwa na sahani tu. Upande wangu, karibu na kisu, Mama alikuwa ameweka uma na kijiko, vyote viwili, vimelala sambamba juu ya kitambaa safi.

Nilivitazama muda mrefu. Sijui amejua tangu lini. Huenda tangu siku ya tina, huenda kabla. Kupitia dirishani nilimwona akikung'uta shuka, mgongo umenielekea, hana haraka hata kidogo.

Nilionja. Nikachukua uma, nikampelekea Bibi. Bibi akafumba macho, akatafuna, akasema, "Itoke."

"Amesema itoke?" Mama akauliza kutoka nje.

"Amesema itoke," nikamjibu, kwa sauti.

Basi sasa tunaojua ni watatu, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba wa tatu yupo. Bibi anadhani ni siri yetu wawili. Mama hajasema neno, nami sitamuuliza. Wewe uliyesoma mpaka hapa ni wa nne. Ukimkuta Bibi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akakuuliza keki imekuwaje, mwache aseme yeye kwanza. Na usiangalie sana nimemletea nini cha kulia. Nakuomba.